Kisanduku Kitupu Si Sifuri

Jumatatu, 3 Novemba

Nimekasirika. Naliandika hilo kwanza, mengine yatafuata.

Leo asubuhi Mkuu amesimama katikati ya karakana yetu ya meno bandia, vumbi la plasta limemkaa kwenye nyusi, akatangaza kwamba kombe linaanza wiki hii na mchezo wetu wa kutabiri uko palepale. Halafu bila hata kunitazama: wewe si unajua mambo ya kompyuta, tutengenezee jedwali la kujumlisha pointi, mwaka jana tulihesabu kwa vidole tukakaribia kutoana macho. Basi. Imeisha hiyo. Mimi ndiye ninayepokea oda zote za meno, ninayezipanga, ninayewapigia simu madaktari wenye mwandiko wa kuku. Sasa na mpira ni wangu! Ahsante sana, Mkuu.

Wenzangu wakapiga makofi. Kupiga makofi ndiyo kazi wanayoiweza.

Ingekuwa mchezo tu nisingejali. Lakini hapa kwetu mchezo huu ndio unaogawa likizo. Mwaka juzi watu waligombania wiki za Desemba mpaka Mkuu akachoka, akasema atakayeshinda utabiri achague wiki yake kwanza, wengine wafuate kwa pointi. Ikawa sheria! Desemba mji mzima unataka meno mapya kabla mwaka haujaisha, kwa hiyo anaondoka mtu mmoja kwa wiki, hakuna wawili.

Mimi nataka wiki moja tu, ya pili ya Desemba. Ndiyo wiki ambayo mwanangu, Kasuku wangu, hana shule. Anaishi na baba yake, mbali, basi linatembea kutwa nzima. Baba yake ameshasema bila kupepesa: usipokuja kumchukua wiki hiyo, anasafiri na sisi, mimi na mke wangu. Mwaka jana sikwenda. Bwana Kesho alishinda, akaichukua wiki hiyohiyo. Nikamuuliza aliporudi, ulikwenda wapi? Hakwenda popote. Alilala.

Alilala!

Alhamisi, 6 Novemba

Jedwali limekamilika. Nikisema mwenyewe si vibaya — ni zuri. Kila mechi ina mstari wake. Kila mtu ana visanduku viwili, magoli ya timu hii na magoli ya timu ile. Ukipatia matokeo kamili, pointi tatu. Ukipatia mshindi tu, au sare, pointi moja. Ukikosea, imekula kwako. Mtoano tunahesabu dakika tisini, hakuna hadithi za penalti. Fomula inajumlisha yenyewe na kumpandisha mtu au kumshusha. Nimeweka hata kizuizi: kama matokeo ya mechi hayajaandikwa, isihesabu kitu. Jana iliwagawia watu pointi za mechi zisizochezwa, nikaishika palepale. Mimi sichezewi.

Faili linafungwa kwa neno la siri. Nalijua peke yangu. Kila mtu anajaza kabla ya mechi, kisha nafunga.

Tuko watano. Mkuu. Dereva anayepeleka oda kwenye zahanati. Mama Plasta, anayemimina sanamu za taya kwa plasta, mama wa watu, ananiita mwanangu tangu siku ya kwanza. Mimi. Na Bwana Kesho, fundi wa kaure, mwenye mkono mzuri kuliko sote na aibu ndogo kuliko sote. Umwombe taji la jino, kesho. Umwombe mchango wake wa chai, kesho. Leo nimemwambia ajaze utabiri wa mechi ya ufunguzi. Amejibu nini? Sina haja ya kuandika.

Jumatatu, 10 Novemba

Naongoza! Pointi tano. Mama Plasta nne. Bwana Kesho moja, na amejaza mechi mbili tu katika zote.

Mama Plasta hajui mpira hata kidogo. Anatazama picha za manahodha gazetini, anakagua meno yao. Leo amemkataa mmoja kwa sababu ya pengo. Ati mwenye meno yaliyopangika ana nidhamu, atashinda. Nimemcheka mpaka nikamwaga chai kwenye oda ya watu. Timu ya mwenye pengo imefungwa.

Nimemuuliza, ukishinda utachagua wiki gani? Akasema hiyo ya pili, binti yake amejifungua, akamtie mjukuu machoni. Halafu akajipigapiga mikono, vumbi likatimka: lakini nishinde wapi mimi mwanangu, na mpira siujui.

Jumatano, 12 Novemba

Baba yake Kasuku amepiga simu saa kumi na mbili jioni. Mtoto ana homa. Siyo kali, lakini anamlilia mama. Nikapewa nizungumze naye. Kumbembeleza mtoto mwenye homa kwenye simu, ukisikia mwanamke mwingine pembeni anamwambia nywa maji mwanangu — hapana. Hapana! Huyo si mwanao. Nimeng'ata ulimi mpaka umeniuma. Yule mama hana kosa, anampa mtoto maji, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kasuku ameuliza: Mama, mwaka huu unakuja kweli au unakuja kama mwaka jana?

Nimemwambia kweli.

Mechi mbili za jioni zimeanza tukiwa bado kwenye simu. Sikujaza. Basi, zimepotea hizo. Zote mbili zimekwisha bila kwa bila, mpira wenyewe wa kulaza watu.

Alhamisi, 13 Novemba

Homa imeshuka. Nimeingiza matokeo ya jana haraka haraka, simu za madaktari zinalia kushoto na kulia. Nimeona jina langu bado liko juu. Vizuri. Sikutazama zaidi.

Jumatatu, 17 Novemba

Khaa!

Bwana Kesho ni wa kwanza. Wa kwanza! Ameniacha kwa pointi mbili. Mtu ambaye hajajaza utabiri wiki nzima, ninaona kwa macho yangu visanduku vyake vyeupe pee. Nimeingia karakanani asubuhi nikamkuta ameegemea tanuri la kaure, mikono kifuani, anaimba. Akaniambia: dada, nianze kukunja mashuka yangu? Wiki ya pili ya Desemba nina usingizi mwingi sana.

Hajui hata ananifanyia nini. Au anajua. Sijui lipi ni baya zaidi.

Jumanne, 18 Novemba

Nimeipata. Ilinichukua chakula cha mchana chote, na chakula chenyewe kimepoa.

Ni hivi. Kompyuta ikikuta kisanduku kitupu, inakisoma kama sifuri. Mtu asipojaza kitu, fomula inasema huyu ametabiri sifuri kwa sifuri! Mechi ikiisha bila kwa bila, tatu hizo hapo, chukua. Ikiisha sare nyingine yoyote, moja, ahsante kwa kushiriki. Na kombe hili limejaa sare kama limelogwa. Kizuizi changu nilikiweka upande wa matokeo. Upande wa utabiri sikukiweka. Mjinga mimi! Nilifunga mlango wa mbele nikaacha wa nyuma wazi.

Nikamwendea Bwana Kesho, nikamweleza kwa adabu kabisa, mwanzo mpaka mwisho. Akasikiliza huku anapaka kaure kwenye jino kwa ile brashi yake nyembamba, hata hatikisiki. Kisha akasema kutojaza ndiyo utabiri wake. Yeye tangu mwanzo moyoni alikuwa anasema bila kwa bila.

Moyoni!

Nikamwambia moyo wako hauna kisanduku kwenye jedwali langu. Adabu ikaishia hapo. Dereva alisikia mpaka nje, anasema alidhani tanuri limelipuka.

Jumatano, 19 Novemba

Kikao. Mkuu ametuweka kwenye chumba cha kusubiri wateja, chini ya lile bango la mwanamke anayecheka. Nimeeleza tena. Kutojaza siyo kutabiri! Asiyesema kitu hajasema sifuri, hajasema kitu! Nimesema nafsi yangu yote iko kwenye haki hapa, siyo kwenye likizo. Na ni kweli. Nusu yake.

Bwana Kesho amesimama kwa upole kama bwana harusi. Ati mchezo umeshaanza, na fomula aliiandika nani? Si dada mwenyewe? Ati hawezi kuadhibiwa kwa kosa la mkono wa mwingine.

Mkuu akajikuna shingo. Akaamua: fomula ibaki ilivyo mpaka mwisho, nitaitengeneza mwakani. Amesema hataki kelele, ana oda za kuwahi.

Nimetoka nikaufunga mlango kwa nguvu mpaka yule mwanamke wa bango akaanguka. Hakuna aliyemwinua. Dereva anasema na yeye kuanzia leo hajazi tena, kwa nini ajichoshe?

Mama Plasta peke yake amekuja mezani kwangu na gazeti lake. Jaza zangu mwanangu, huyu nahodha ana magego ya dhahabu, mwandikie mbili.

Ijumaa, 21 Novemba

Siongei na Bwana Kesho. Oda zake nazisukuma mezani kama namgawia mbwa. Anasema ahsante kila mara, kwa sauti nzuri. Anafanya makusudi.

Jioni Kasuku kapiga mwenyewe. Amepanga nguo zake za safari kwenye mfuko. Novemba! Nikamwambia zitoe, zitajikunja. Akasema hapana, Mama, nikizitoa hutakuja.

Jumatano, 26 Novemba

Leo nimeshinda. Nakuandikia, shajara wewe, kwa raha.

Saa nne ameingia mteja, bibi wa makamo, kitambaa mdomoni. Akakitoa. Lo! Mdomo mzima meno ya zamani, rangi ya chai, na mawili ya mbele mapya — meupe kama karatasi. Unaona meno kabla ya kumwona mwenyewe. Alikuwa analia na kutukana kwa pamoja. Ameshindwa kucheka kwenye picha ya familia. Wajukuu wanamwita taa ya gari.

Mkuu akaitaka ile oda. Sehemu ya rangi ya jino daktari alikuwa hakuandika kitu. Hiyo oda ilipita siku ya kikao, Dereva aliileta akaiweka moja kwa moja kwenye benchi la kaure, mimi sikuiona. Na Bwana Kesho alipokuta pameachwa wazi akafanya nini? Akachukua rangi ya kwanza kabisa kwenye kipimo cha rangi za meno, ile nyeupe kuliko zote. Akachoma. Akapeleka.

Sijawahi kumsikia Mkuu akipiga kelele vile. Miaka yote hii na huu mkono wako! Kisanduku kikiwa kitupu UNAULIZA! Hujijazii mwenyewe! Kitupu siyo nyeupe! Kitupu ni kitupu!

Mimi nikiwa pale mlangoni. Nilimtazama tu Mkuu. Nikaendelea kumtazama. Naye akafumba mdomo, akanitazama, uso ukaanza kumbadilika pole pole. Mama Plasta akaanza kucheka wa kwanza, mkono kwenye ubavu. Halafu Dereva. Hata bibi wa meno meupe akacheka bila kujua kisa, akakumbuka meno yake akafumba.

Mkuu akasema haya, haya. Rekebisha fomula. Jumamosi kabla ya fainali utachapa karatasi mpya, uisome mbele ya wote.

Nilimtarajia Bwana Kesho abishe. Aliketi kwenye kiti chake, akaanza kuchanganya kaure upya kwa ajili ya yule bibi, rangi ya chai hasa, anaifananisha na jino la pembeni kwa jicho moja. Neno kesho hakulitaja. Alimaliza leo leo.

Na mimi sikumhurumia hata chembe!

Alhamisi, 27 Novemba

Nimempigia baba yake Kasuku. Nikamwambia nakuja, wiki ya pili, usipange safari. Akauliza una uhakika, maana nikimwambia mtoto nimemwambia. Nikasema mimi si mtu wa kubabaisha, mwambie.

Nikasikia Kasuku anapiga yowe huko nyuma. Nikakata simu kabla sijalia.

Fomula bado sijaigusa, oda zimenijaa mpaka puani. Ni kazi ndogo. Kama kisanduku cha utabiri ni kitupu, mpe mtu pointi sifuri, usiendelee. Nusu mstari tu. Bwana Kesho anaanguka kutoka juu, mimi wa pili napanda. Nimeshaipiga hesabu kichwani, hakuna kitu kigumu hapo.

Jumamosi, 29 Novemba

Naandika hapahapa karakanani, kwenye mgongo wa karatasi ya oda. Nitaibandika kwenye shajara nikifika nyumbani.

Fainali inaanza saa kumi. Wote wako chumba cha kusubiri, nasikia Dereva anavuta viti. Yule mwanamke wa bango wamemrudisha ukutani, amekaa upande. Utabiri wa fainali wote umejazwa, hata wa Bwana Kesho! Mimi nimesema mbili kwa moja. Nimeshafunga.

Nimeingiza fomula mpya. Nikavuta chini, mistari yote. Macho yangu moja kwa moja kwenye jina lake. Alikuwa na kumi na tisa. Saba! Ameporomoka mpaka saba, chini ya kila mtu. Nimepiga meza. Nimesema nyoo! kwa sauti, peke yangu.

Halafu nikatafuta langu juu.

Juu yuko Mama Plasta. Kumi na tano, ileile aliyokuwa nayo, haikuguswa. Mimi nilikuwa na kumi na saba. Nina kumi na moja.

Nilidhani nimevuruga fomula. Nikaipima tena. Ni sahihi, mbwa hii. Nikashuka mstari kwa mstari mpaka jioni ile ya homa. Mechi mbili, zote bila kwa bila. Visanduku vyangu vinne vyeupe pee. Pointi sita zilizokuwa zinanipandisha, nikafurahi, nikazitumia kumtukana mwenzangu kwa kosa lilelile! Na fainali hata niipatie kamili inanipa tatu. Kumi na nne. Haifiki.

Mama Plasta atachukua wiki ya pili. Ana haki. Ana haki kamili, kwa meno ya manahodha, mechi zote amejaza, hajaacha hata moja. Mjukuu wake yuko wiki ngapi sasa? Simchukii. Natafuta wa kumchukia hapa, sipati. Bwana Kesho hatoshi tena. Nikimwomba Mama Plasta anibadilishie atakubali, namjua, atasema chukua mwanangu, kisha atakwenda kumimina plasta akiwa amegeuza uso. Au hatakubali. Na mimi ndiye niliyesimama chini ya lile bango nikapayuka: haki, haki.

Hasira zangu zote hizi, jamani, nizipeleke wapi?

Simu imeita. Baba yake Kasuku. Sijapokea. Umekuja ujumbe, ameuandika mtoto mwenyewe, herufi kubwa tupu: MAMA UMESHINDA?

Bwana Kesho amechungulia mlangoni. Nimeifunika skrini kwa mkono, kama mtoto wa shule. Hakuingia. Amesema tu, dada, mimi nimeshakubali, chapa tuje tuone mpira, na Dereva anauliza kama sukari iko kwako. Kwa sauti ya kawaida kabisa. Nimemwambia nachapa.

Printa imewaka. Jedwali liko wazi. Neno la siri nalijua peke yangu.

Sifuri ikiandikwa kwenye kisanduku ni utabiri, lakini kwa macho haitofautiani sana na kisanduku kitupu. Ni kadoti tu, katikati, kwa hii rangi hafifu ya kijivu niliyoichagua mwenyewe. Ukiwa mbali huioni. Na moyoni, jioni ile, kama ningejaza, huenda ningejaza hivyohivyo. Mechi zilikuwa za kulaza watu. Ningeweza kabisa kusema bila kwa bila. Moyoni.

Mkuu anaita. Karatasi iko wapi, timu zinapanga mstari!

Nakuja, nimesema.

Mama Plasta anamwambia mwache mwanangu apumue, kazi ya kichwa ile.

Visanduku vinne. Nimeandika sifuri kwenye kimoja. Kimoja tu, nione inavyokaa.

Inakaa vizuri.